Jouli-sekunde si jouli kwa sekunde

Kuna kosa la maneno linalojirudia kwenye notsi za fizikia: jouli-sekunde inaandikwa "jouli kwa sekunde". Linaonekana dogo, ila linabomoa habari nzima.

Jouli kwa sekunde ni wati: nishati gawanya kwa muda, kama kwenye taa yako au mashine ya kuchambua pamba. Jouli-sekunde ni nishati mara muda. Wanafizikia huipimia kitu wanachokiita tendo, na pia momenta ya mzunguko. Chukua gurudumu la baiskeli la kilo 1.5, uzito karibu wote ukiwa kwenye rimu, sentimita 30 kutoka katikati. Likizunguka mara 2 kila sekunde, lina momenta ya mzunguko ya kama jouli-sekunde 1.7.

Sasa twende Malampaka, wilayani Maswa, msimu wa pamba. Mkulima akimwambia karani wa AMCOS "nina hamsini", ataulizwa: hamsini nini, kilo au magunia? Namba bila kipimo hailipwi. Na kilo yenyewe, tangu tarehe 20 Mei 2019, imesimama juu ya jouli-sekunde. Zamani, tangu 1889, kilo ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, Ufaransa. Siku hizi tunaanzia kwenye namba ya Planck, iliyowekwa kuwa 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde kamili.

Maelezo mengi yanaishia hapo, na hapo ndipo ninapoyalaumu. Yanakupa namba ndefu ya kukariri, kipimo yanakipita tu. Kumbe siri iko kwenye kipimo! Ifungue jouli-sekunde: utapata kilo mara mita za mraba, gawanya kwa sekunde. Mita na sekunde zilishafungwa, kwa mwendo wa mwanga na atomu ya sesiamu. Ukiifunga na namba ya Planck, kilo haina pa kukimbilia. Ndiyo maana ukiandika "jouli kwa sekunde" umeshaondoka kwenye somo. Hapo unapata sekunde tatu chini, kitu kingine kabisa.

Lawama ya pili ni kwa wanaosema mabadiliko haya yamemaliza wizi wa mizani. Hapana. Kilo mpya ilipangwa ilingane na ya zamani, na mzani uliochezewa bado unaiba vilevile. Kati ya namba ya Planck na gunia la pamba kuna mnyororo mrefu: maabara za vipimo, mawe ya kulinganishia, ukaguzi wa Wakala wa Vipimo. Ukikatika popote, anayeumia ni mkulima.

Kwa hiyo wewe unayefundisha, andika jouli-sekunde na uisome "jouli mara sekunde". Kisha mfungulie mwanafunzi kipimo hicho ubaoni, aione kilo ya pamba ya nyumbani kwao ikitokea humo.