Flashi Ikichomolewa Kompyuta Imelala

Kuchomoa flashi au kadi ya kumbukumbu wakati kompyuta imelala ni jambo la sekunde moja. Kwa waandishi wa draiva za Linux limekuwa kazi ya miaka mingi, na ugumu wake haumo pale ambapo wengi wangeutafuta. Kujua kwamba kifaa hakipo ni rahisi: kifaa cha PCI kilichochomolewa kikisomwa, biti zote hurudi zikiwa moja, 0xFFFFFFFF, na draiva makini huikagua thamani hiyo kabla ya kuendelea. Maswali magumu ni mawili. Kuondoka kwa kifaa kushughulikiwe lini? Na kilichopo sasa ni kile kile cha mwanzo?

Linux inapojiandaa kulala, kwanza huziarifu sehemu zake za ndani, kisha hugandisha programu za mtumiaji pamoja na baadhi ya kazi za kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe, halafu ndipo hulaza vifaa. Kuamka hufuata njia hiyo kinyumenyume. Zamani, draiva ya kadi za SD ilipoiondoa kadi katikati ya safari hiyo, ililazimika kuiondoa diski yake kwenye orodha ya kerneli papo hapo. Lakini diski haiondolewi kabla kazi zinazoihusu hazijamalizika, na baadhi ya kazi hizo zilikuwa zimegandishwa. Draiva ikasubiri kazi iliyoganda. Kazi hiyo ikasubiri kompyuta iamke. Kompyuta nayo ikasubiri draiva. Hapo kila kitu hukwama, na mwenye kompyuta hana la kufanya ila kuizima kwa nguvu.

Marekebisho ya draiva hiyo ya mwaka 2010 hayakugusa namna ya kuiondoa kadi. Yalihamisha wakati tu. Kadi isiyoweza kubaki hadi kompyuta iamke sasa iliondolewa kwenye ile taarifa ya kwanza, kabla ya chochote kugandishwa. Ukaguzi wa kadi nao ulisimamishwa kwa muda wote wa kuganda, hivyo kadi iliyochomolewa usingizini ikagundulika baada ya programu kuachiliwa. Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika suala hili, kwa sababu draiva iliacha kuharakisha jambo ambalo halikuwa na haraka.

Swali la pili halijapata jibu kamili mpaka leo. Umeme wa poti za USB ukikatika wakati wa usingizi mzito, kerneli ya zamani iliamka ikidhani kila kifaa kimechomolewa. Flashi ambayo haikuguswa na mtu ilipoteza mfumo wake wa mafaili. Mwaka 2006 Alan Stern, mmoja wa waandishi wa kerneli, alieleza njia nyingine: poti iwashwe upya, maelezo ya kifaa yasomwe tena na kulinganishwa na yale ya awali, na yakilingana kazi iendelee. Njia hiyo imewaokoa wengi, ila ina hatari, na maelezo yake yenyewe hayaifichi. Watengenezaji wengi hawaweki namba ya mfululizo kwenye flashi zao. Tena kisomaji cha kadi kinaweza kuwa kile kile huku kadi iliyomo ni nyingine, na kerneli isijue. Itaendelea kutumia majedwali ya kadi ya zamani na kuandika juu ya data za kadi mpya.

Kwa vifaa vya PCI vinavyochomekwa na kuchomolewa, kinga iliongezwa mwaka 2024. Mapema kabisa katika kuamka, kerneli hulinganisha vitambulisho vya kifaa na namba yake ya mfululizo. Ikiona kimebadilishwa, hukitia cha zamani alama ya kukatika ili draiva yake isimguse mgeni, kisha huacha kazi ya kukiondoa ifanyike baadaye. Somo la mwaka 2010 limo humo: kutambua mapema, kuondoa kwa wakati wake.

Kwenye USB, hata hivyo, kerneli haiwezi kukulinda na kadi iliyobadilishwa ndani ya kisomaji. Kabla ya kuilaza kompyuta yako, toa flashi au kadi kwa njia salama kwanza, na usibadilishe kadi mpaka kompyuta iamke.