Swichi Iliyommeza Mtangazaji

Swichi ile haikupaswa kuguswa. Naanza na hukumu kwa sababu sina mpango wa kuzunguka mbuyu, na waliokuwa ndani ya lile banda la video la soko la Konyo Konyo, Juba, usiku wa tarehe 20 Julai 2024 hawahitaji kusimuliwa mechi ya kikapu. Wanadai maelezo ya sauti.

Sudan Kusini ilikwenda mapumziko ikiongoza 58 kwa 44 pale O2 Arena, London, dhidi ya Marekani ya LeBron James, timu ambayo wachezesha kamari walikuwa wameipa ushindi wa zaidi ya pointi 43. Sauti ya banda katika nusu ya kwanza haikuwa na kasoro ya kumnyima mtu usingizi. Mtangazaji alisikika mpaka kwa madereva wa bodaboda waliosimama nje wakichungulia. Ndipo fundi akainama nyuma ya televisheni, akaishika ekstrakta ya HDMI, akasogeza kile kiswichi cha pembeni kutoka 2CH hadi 5.1. Hakuna aliyemwomba. Akainuka, matangazo ya biashara yakawa yanalia vizuri kwenye spika zote mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kurudi mlangoni kukata tiketi.

Robo ya tatu ikaanza. Kelele za uwanja zikajaa banda zima, viatu vikisuguana na sakafu vikasikika vizuri kuliko mwanzo, ngoma na filimbi za mashabiki wetu zikawa karibu na sikio. Mtangazaji akatoweka. Ukitega sikio sana ulipata mabaki ya sauti yake, basi.

Atakayesema kikapu ni mchezo wa macho na hakihitaji maneno aende akakae benchi la mwisho la banda lile. Kutoka pale, matokeo yaliyoandikwa kwenye kona ya skrini hayasomeki. Anayekaa nyuma anajua matokeo kwa sauti, anajua nani kafanya madhambi kwa sauti, anajua zimebaki sekunde ngapi kwa sauti. Usiku ule watu wa nyuma waliishi nusu nzima ya pili kwa kuuliza watu wa mbele. JT Thor akatupa ile ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 20, ikawa 100 kwa 99, sisi mbele. Mbele walishangilia, nyuma wakauliza ngapi. Kabla jibu halijafika, LeBron akapenya hadi chini ya kikapu, zimebaki sekunde nane, 101. Kuna watu walitoka mle wakiamini tumeshinda, wakaambiwa ukweli na muuza chapati. Usiku mkubwa kuliko wote wa kikapu chetu hadi siku hiyo, Carlik Jones akiwa na pointi 15, ribaundi 11 na asisti 11, ukapita bila neno.

Sasa tuifungue ekstrakta yenyewe. Kifaa hiki hukaa kati ya chanzo na televisheni. Picha inapita, sauti inachomolewa na kupelekwa kwenye amplifaya kwa RCA nyekundu na nyeupe au kwa waya wa mwanga. Kabla ya kutuma chochote, chanzo, ambacho usiku ule kilikuwa sanduku la Android, huuliza kupitia waya wa HDMI: unapokea chaneli ngapi? Kile kiswichi ndicho kinachojibu. Kikiwa PASS, jibu linatoka kwa televisheni. Kikiwa 2CH, ekstrakta inajibu kwamba inapokea mbili tu, na sanduku linalazimika kuzichanganya chaneli zote sita kuwa mbili: chaneli ya katikati inapunguzwa desibeli 3, kisha inaongezwa kushoto na kulia. Kwenye matangazo ya michezo ya chaneli sita, mtangazaji anakaa katikati. Kwa hiyo katika 2CH anasikika pande zote mbili, na ndivyo alivyosikika katika nusu ya kwanza.

Kikiwa 5.1, ekstrakta inadanganya. Inajibu kwamba inapokea sita. Sanduku linaamini, linaacha kuchanganya, linatuma kushoto, kulia, besi, katikati na mbili za nyuma. Lakini chipu inayolisha RCA kwenye ekstrakta za bei ya sokoni inachukua jozi ya kwanza peke yake, kushoto na kulia. Umealika wageni sita nyumbani kwenye viti viwili, na aliyeachwa nje ni bwana harusi.

Kilichomponza fundi ni kwamba kosa lilifanya kazi nusu. Kama sanduku lingekuwa linatuma Dolby iliyofungwa bila kuifungua, RCA zingetoa ukimya au mkoromo, naye angerudisha swichi palepale. Tena alijaribu wakati wa matangazo ya biashara! Matangazo hayo mara nyingi hutengenezwa kwa chaneli mbili, kwa hiyo swichi ikiwa 5.1 au 2CH yatalia sawa. Alipima kwa kitu ambacho kisingeweza kumwonyesha tofauti, na mechi iliporudi na chaneli zake sita yeye alikuwa mlangoni na noti mkononi.

Hata hapo bado kulikuwa na dawa. Niliambiwa aligundua katikati ya robo ya tatu, akaogopa kuigusa kwa sababu kila swichi ile inaposogezwa skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa huku vifaa vikitambuana upya, na banda lililojaa halina utani na skrini nyeusi. Hofu hiyo naielewa na siikubali. Kwa sheria za FIBA kila kocha ana taimauti tatu katika nusu ya pili, dakika moja moja. Makocha Royal Ivey na Steve Kerr walikuwa nazo. Dakika nzima ya wachezaji kunywa maji, na sisi tulihitaji sekunde tano.

Kwa nini aliigusa? Kwa sababu 5.1 ni kubwa kuliko 2. Hakuna sababu nyingine, na ugonjwa huu nimeuandika hadi wino umenikauka. Ni ugonjwa uleule wa makatoni ya sabufa yaliyopangwa kwenye vibanda vya elektroniki vya Konyo Konyo yakijigamba kwa maelfu ya wati za PMPO. Geuza sabufa hiyo, soma kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani ukutani. Kifaa kinachoingiza wati 60 hakiwezi kutoa 5,000, hata kikiombewa dua. Lakini mnunuzi anasoma katoni, hasomi kibandiko, akifika nyumbani anafungulia besi mpaka mwisho, na mke wake anauliza kwa nini watu wa kwenye taarifa ya habari wanaongea wakiwa ndani ya pipa.

Na ile sabufa ya banda, kwa wanaonitumia ujumbe kwamba kulikuwa na “.1”: hapana. Sabufa ile inachota sauti nzito kutoka kushoto na kulia. Chaneli ya besi iliyokuja na zile sita ilipotea pamoja na mtangazaji. Mkao wa 5.1 kwenye ekstrakta umewekwa kwa mwenye risiva inayofungua Dolby, iliyounganishwa kwa waya wa mwanga, ikiwa na spika zake zote. Mwenye spika mbili na RCA hana shughuli nao.

Mengine fundi aliyafanya sawa: spika juu ya vichwa vya watu, RCA mbali na nyaya za jenereta.

Wazee wetu wa sauti hawakuwa na swichi ya kuwadanganya. Dar es Salaam ya vibanda vya video ilikuwa na Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyeingiza Kiswahili ndani ya filamu za kigeni. Kampala ina VJ Jingo na wenzake. Kazi ya watu hao ina kanuni moja ya kifundi: anayeongea anapoongea, filamu inashuka, akinyamaza, filamu inapanda. Mkono mmoja kwenye maikrofoni, mwingine kwenye miksa, chaneli moja ya sauti, na mtazamaji wa benchi la mwisho hapotezi neno. Leo tuna kifaa cha kidijitali kinachofanya kinyume chake, kinamshusha msemaji na kuupandisha uwanja, halafu tunaita maendeleo.

Au nenda kwenye redio. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, ambao wote wawili tuliwazika mwaka 2025, walitangaza enzi ambazo mpira ulifika kwa msikilizaji kupitia spika moja, mara nyingi kwenye masafa ya kati yasiyo na besi wala mlio mwembamba wa juu. Sauti ya mtu inaeleweka ndani ya hertzi 300 hadi 3,400, kipimo kilekile cha simu za zamani. Ndani ya upenyo huo mwembamba Mbotela alikufanya ujue mpira uko upande gani na nani kaanguka. Mpe Mbotela spika moja iliyopasuka na uwape hawa mafundi wetu chaneli sita, mimi nitakaa kwa Mbotela.

Nikiwa bado kwenye watu wanaobonyeza bila kusikiliza, sijawasamehe wa Lille. Tarehe 28 Julai, siku nane baada ya London, vijana wetu wamesimama mkono kifuani kabla ya kucheza na Puerto Rico kwenye Olimpiki, na unapigwa wimbo wa taifa la Sudan, nchi tuliyoachana nayo tangu 2011. Mashabiki wakazomea, baadaye ukapigwa ulio sahihi. Tulishinda 90 kwa 79, kwa hiyo wengi wamesahau. Mimi kosa hilo ninalihesabu kwenye fungu moja na la Konyo Konyo: mtu mwenye jukumu la sauti hakuvaa vipokea sauti vya masikioni kusikiliza kabla ya kuwafungulia watu. Tofauti ni kwamba wa Lille alikuwa na vifaa vya Olimpiki, na wa Konyo Konyo ana jenereta.

Kuna kundi linaloniambia tatizo ni ekstrakta yenyewe, kwamba televisheni ya kisasa ina ARC, iliyoingia kwenye HDMI 1.4 mwaka 2009, na waya mmoja unatosha. Kwa sebule ya mwenye spika ndefu mpya chini ya televisheni, sawa. Amplifaya za Konyo Konyo zina RCA na hazina HDMI, na zitaendelea kuishi kwa sababu zinatengenezeka kwa chuma cha kulehemu risasi. Ekstrakta ndiyo daraja la amplifaya hizo. Sina ugomvi nayo.

Nina ugomvi na kuchelewa kwa picha, jambo ambalo kundi hilo hilo halilitaji kabisa. Sauti inapochomolewa kabla ya televisheni, inafika kwenye spika mara moja. Picha inabaki ndani ya televisheni ikisafishwa, ikipakwa rangi na kulainishwa. Matokeo yake unasikia mpira ukigonga pete kabla hujauona ukigonga. Pendekezo la ITU BT.1359 linasema mtu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hagundui mpaka ifike kama 125. Sikio limezoea radi kuja baada ya mwanga. Sauti hutembea karibu mita moja kwa milisekunde tatu, kwa hiyo wa mita 15 nyuma anaongezewa milisekunde zaidi ya 40 bure, na kwake mambo yanakaa sawa. Aliyelipia kiti cha mbele ndiye anayeteseka. Dawa ni kuiweka televisheni kwenye mkao wa michezo ya kompyuta, ambao unazima usafishaji mwingi na kuiharakisha picha. Hauna gharama, na uko kwenye menyu.

Sasa nasikia mwenye banda anataka kununua spika nne zaidi ili 5.1 ifanye kazi. Banda la mabati, mvua ya Julai juu, watu wamebanana mpaka ukutani: atakayekaa chini ya spika ya nyuma kushoto atasikia makofi ya London usiku kucha na si kingine. Tena atahitaji risiva ya kufungua Dolby, maana ekstrakta yake haitalisha spika hizo hata akinunua ishirini. Swichi ikae 2CH, apitishe tone la gundi juu yake. Akibakiwa na pesa abadilishe waya wa RCA wa kulia, kwa sababu unakatika kila mtu anapopita karibu na meza.