RAIA NA HATARI: ISTILAHI MBILI ZA KUPIMA MAOMBI YA HIFADHI

Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi mbili zitumikazo mtu anapoomba hifadhi kwa sababu jimbo lake limo vitani, nazo ni raia na hatari. Kila mtu huyatumia maneno haya, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaoyachunguza.

Tuanze na raia. Hapa Mkolani, Mwanza, mtu akiambiwa kwamba kupiga kura ni haki ya kila raia, huelewa mwenye uraia wa nchi. Akiambiwa kwamba askari alikuja amevaa nguo za kiraia, huelewa nguo za asiye askari. Maana ya kwanza humtenga mtu na mgeni. Ya pili humtenga na mpiganaji. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutosha kuamua. Katika mahojiano ya mwomba hifadhi hautoshi. Mtu aliyetoka Kivu Kaskazini akiulizwa, "Je, ulikuwa raia?", aweza kueleza habari za uraia wake, jambo ambalo huko limezusha ugomvi kwa miaka mingi, hali mwulizaji alitaka kujua kama aliwahi kushika bunduki. Jibu hilo laweza kumponza, kwani kwa kanuni mpiganaji hahesabiwi mkimbizi maadamu hajaacha silaha kabisa.

Kadhalika neno mzalendo. Kwetu ni mtu aipendaye nchi yake. Mashariki ya Kongo, hasa kuanzia 2023, Wazalendo ni jina la makundi yenye silaha yanayopigana na M23 upande wa serikali. Mkalimani asiyejua hayo akisikia, "Kaka yangu alikuwa mzalendo," ataandika sifa njema, kumbe ametajiwa mpiganaji. Yafaa ieleweke, basi, kwamba kuzungumza lugha moja si kuwa na istilahi moja.

Neno hatari nalo limebebeshwa mizigo mitatu: kitu kiwezacho kudhuru, kusudio la adui la kudhuru, na uwezekano wa mtu fulani kudhurika akirudi kwao. Mvuvi wa Ziwa Victoria asemapo, "Leo ziwani kuna hatari," ametaja upepo na mawimbi. Hajasema kama mtumbwi wake utazama. Afisa anayepima maombi hutakiwa kulijua hilo la mtumbwi.

Mkataba wa OAU wa 1969, ulioanza kutumika 1974, humtambua pia mtu aliyekimbia matukio yaliyovuruga vibaya amani ya umma katika sehemu ya nchi yake au katika nchi nzima. Maana hiyo imo pia katika Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998. Neno sehemu lina uzito. M23 ilipoiteka Goma Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, haikuwa imeiteka Kongo nzima. Taarifa isemayo "Kongo kuna hatari" haijapima kitu. Vilevile taarifa isemayo "hakuna hatari" kwa sababu tu bunduki zimenyamaza haijapima kitu, kwani utulivu chini ya mtekaji si usalama wa kila mtu. Hapana budi itajwe ni nani atakayedhurika, wapi, na kwa mkono wa nani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika mahojiano na maamuzi ya hifadhi, raia abaki kuwa mwenye uraia, na yule mwingine aitwe asiye mpiganaji. Hatari ibaki kuwa kitu kidhurucho. Kusudio la adui liitwe tishio. Na kinachopimwa kiitwe uwezekano wa kudhurika.

Huenda ikasemwa kwamba maneno haya ni marefu, na kwamba magazeti yamekwisha kuzoea "raia waliouawa." Magazeti na yaendelee, kwa kuwa msomaji wa gazeti hatakiwi kujibu swali. Mwomba hifadhi hutakiwa, na jibu lake laweza kumrudisha alikokimbia.

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi, hasa waliofanya kazi ya ukalimani katika kambi ya Nyarugusu, wanaombwa watuletee.