Programu ya kufundisha watoto akiba, na sanduku ambalo mama alifungua

Leo ninaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi na wenzangu watatu, wote tumemaliza informatike hapa Bukavu, tulijipa kazi ya kutunga programu ya telefone ya kufundisha watoto wa miaka 5 mpaka 8 mambo ya makuta. Tulifanya sawa vile wengi wetu tunafanya: tukatazama zile za Ulaya na Marekani, tukafuata mfano. Tukaweka nguruwe wa akiba, sarafu zinazoanguka ndani yake, na mitungi mitatu: wa kutumia, wa kuweka na wa kugawia wengine. Hata Sesame Street ya Marekani ilifundisha watoto kwa mitungi ya namna hiyo mwaka 2011. Tukasema: kama inafaa kule, itafaa na huku.

Kisha tukampa mtoto wa dada yangu, miaka 6, kule Kadutu. Swali lake la kwanza: "Tonto, hivi ni vifuniko vya Fanta?"

Alikuwa anaonyesha sarafu. Na kwa kweli, angezijulia wapi? Katika Kongo yetu tunashika noti tu. Watu wane wenye diplome tulichora pesa ambayo sisi wenyewe hatujawahi kulipia hata mkate.

Kosa la pili lilikuwa hesabu. Programu yetu ilisema: biskuti moja, sarafu 3. Lakini kwenye butike hakuna kitu cha 3. Mtoto wetu anaanza maisha na mia tano, elfu moja, elfu kumi, na juu yake kuna dolari ambayo bei yake inabadilika, na ikipasuka kidogo tu watu wanaikataa. Nikamwekea mezani noti kumi za 500 na noti moja ya 10,000. Akakamata zile kumi, na furaha nyingi. Piaget, yule Mswisi, alionyesha zamani kwamba mtoto mdogo anahukumu kwa macho: maji yaleyale, ukiyamimina katika glasi ndefu, anasema yameongezeka. Basi hilo ndilo somo la kwanza tulilopaswa kutunga: noti moja inaweza kushinda rundo. Hatukulitunga, kwa sababu nchi tulizoiga zinaanza na sarafu ndogo.

Haya mawili ni rahisi kutengeneza. La tatu ndilo lilinifanya niandike.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa kungoja. Mtoto anapewa pesa: anaweza kununua biskuti moja leo, ao kuweka na kupata mbili kesho. Akinunua leo, uso wa huzuni unatokea na maneno "Jaribu tena". Yule mtoto alinunua leo. Akajaribu tena, akanunua tena. Mara nne. Nikamuuliza juu ya nini hataki kuweka. Akanijibu bila kuinua macho: "Tonto, nikiibeka, mama ataikamata ya kununua makala."

Dada yangu alikuwa palepale, anaosha vyombo. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Ni kweli. Nilifungua sanduku lake. Nilikuwa na mupango wa kurudisha."

Lile sanduku la mbao, lenye tundu juu, wengi wetu tunalijua. Ndani mulikuwa feranga 5,000.

Sasa tuseme ukweli: ni nani alishindwa mtihani pale? Programu ilimwambia mtoto kwamba hana uvumilivu. Kumbe yeye alihesabu vizuri kuliko sisi. Wengi tumesikia darasani jaribio la Walter Mischel wa Stanford, mtoto na peremende yake: akingoja, anapata mbili. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Rochester, Marekani, walilirudilia kwa njia nyingine. Kwanza mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja alilitimizia ahadi, lingine hapana. Kisha peremende ikaletwa. Walioona ahadi imetimizwa walingoja kama dakika 12. Waliodanganywa, kama 3. Kungoja si tabia tu. Ni imani kwa yule aliyeahidi.

Na sisi tumetoka katika historia gani? Mwaka 1979 serikali ilifuta noti kubwa za zaire, watu wakabaki na karatasi nyumbani. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikageuka zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka feranga moja. Mwaka 2025 benki zikafunga milango Goma na Bukavu, na wenye akiba wakabaki nje. Tata anayenunua mabati kuliko kupeleka makuta benki si mjinga. Halafu sisi tunakuja na nguruwe anayecheka, tunamwonyesha mjukuu wake uso wa huzuni!

Najua mutaniambia: mama afanye nini, watoto wakose chakula? Hapana. Kukopa ndani ya sanduku si dhambi. Kubaya ni kukopa kimya. Likelemba inatembea miaka na miaka bila benki kwa sababu kila mumoja anajua zamu yake, na anayechelewa anajulikana. Mtoto naye ni memba.

Kwa hiyo tumetoa nguruwe, tumetoa uso wa huzuni. Tunatunga ukurasa mumoja ambao mzazi na mtoto wanafungua pamoja: mama amekopa ngapi, juu ya nini, atarudisha siku gani. Mtoto anaweka alama kila noti ikirudi. Haupendezi macho, na wazazi wawili tayari wameukataa, wakisema mtoto hawezi kumdai mzazi. Hapo ndipo kazi yenyewe iko, na hakuna kodi ya kompyuta itakayoifanya kwa nafasi yetu.

Dada yangu amekwisha kurudisha feranga 2,000. Zimebaki 3,000, na mtoto anajua hesabu hiyo bila telefone.

Wewe unayeandaa mradi wa namna hii, ao memware ya mwisho wa masomo, kabla ya kuchora kitu chochote uliza nyumbani kwenu: sanduku la nani lilifunguliwa, na je, alirudishiwa?