Mbwa hazaliwi koko, mandhari ndiyo humfanya koko

MAJUZI mwalimu mmoja wa fasihi alinionyesha jibu la mwanafunzi wake: “Mandhari ni mahali na wakati wa matukio.” Basi, nukta. Alama akapewa, na hakuna aliyemuuliza mandhari hufanya kazi gani. Hapo ndipo uhakiki wetu hukwama. Tunaitaja mandhari kama pazia la nyuma ya jukwaa, kisha tunakimbilia wahusika na maudhui. Hebu leo tuazime mifano miwili kutoka kwenye majumba ya sanaa.

Mwaka 1821, mchoraji Mwingereza John Constable alionyesha jijini London kazi aliyoipa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema ‘Mandhari: Adhuhuri’. Siku hizi inajulikana kama The Hay Wain, na imo katika National Gallery. Ukilisikia jina lile la kwanza utadhani Constable alikuwa akijibu swali la mtihani: mahali na wakati! Lakini utazame mchoro wenyewe. Kuna Mto Stour, nyumba kando yake, na mkokoteni ulioingia majini. Mbele, ukingoni, mbwa mdogo anautazama mkokoteni. Hakuna atakayemwita mbwa yule koko. Kwani tumemwona mwenyewe akimshika? La. Ila mto, nyumba na mkokoteni vinamtolea ushahidi kwamba ana kwao.

Sasa tuvuke hadi Japani. Mwaka 1971, Daido Moriyama alimpiga picha mbwa mjini Misawa, mji wenye kambi ya jeshi la anga la Marekani. Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye chengachenga. Mbwa ameijaza, amegeuza kichwa, anatukodolea jicho. Hakuna mto wala nyumba. Tunasema bila kusita: koko! Mwaka 1999, jumba la sanaa za kisasa la San Francisco lilipoandaa maonyesho ya kazi za Moriyama, mbwa huyo koko ndiye aliyeyapa maonyesho jina.

Wapo watakaodai kuwa picha hii haina mandhari. Sikubaliani nao. Utupu ule ndio mandhari yenyewe. Ndiyo maana wahakiki wamemwona mbwa yule kuwa sura ya Japani baada ya vita: yuko nyumbani, lakini hana kwake. Hata hivyo, nina shaka moja. Jina la picha limetuamulia kabla hatujatazama. Tubandike chini yake maneno ‘Mbwa wa Mlinzi’, na jicho lile lile tutaliita uaminifu kazini.

Kumbe ‘koko’ si aina ya mbwa. Ni uhusiano wa mbwa na mahali, pamoja na neno tulilombandika.

Jambo hili si la mbwa tu. Mara ngapi tumemsoma chokoraa katika riwaya, tukaorodhesha sifa zake: mwizi, mkali, mjanja, kisha tukaandika mandhari kwenye mstari mmoja, ‘mjini’? Mtoto hazaliwi chokoraa. Mwalimu, wiki hii usiwaulize wanafunzi mandhari ni nini. Waulize: mhusika huyu tukimhamishia kwingine, tutamwita nani?