Mkono Uliopima Zana

Juzi nilikaa kando ya fundi mmoja wa programu, mtu mzima, akimalizia badiliko la mistari mitatu. Mistari yenyewe ilimchukua dakika chache. Maelezo ya badiliko hilo yalimchukua karibu saa nzima: kichwa cha maneno machache, mstari mtupu, kisha aya mbili za kueleza kosa lilivyojitokeza, lilikotoka, na kwa nini njia iliyoonekana rahisi zaidi aliikataa. Alipofika kwenye neno "labda" alisita, akalifuta, akaenda kujaribu tena mpaka akapata hakika, ndipo akaandika upya. Nikamuuliza, mzee, unamwandikia nani? "Atakayekuwa analitafuta kosa hili saa nane za usiku."

Uangalifu wa namna hiyo zamani ulianzia kwenye kuchagua zana. Aprili 2005, watengenezaji wa Linux walipokwisha kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo waliotunzia historia ya msimbo wao, mifumo miwili ya aina hiyo ilizaliwa ndani ya mwezi mmoja: Git ya Linus Torvalds na Mercurial ya Olivia Mackall. Amri za Mercurial huanza kwa hg, alama ya zebaki katika kemia, na kila nikiiona alama ile nahisi kwamba aliyeichagua aliipenda kazi yake. Yote miwili ilimpa kila mchangiaji historia nzima ndani ya mashine yake. Chini ya mifumo ya awali kama CVS na Subversion, asiye na ruhusa ya kuandika kwenye seva kuu alishika kiraka chake mkononi akabisha hodi, akangoja.

Ninaowakumbuka kwa heshima zaidi ni watu wa lugha ya programu ya Python. Walitaka kuondoka Subversion, lakini hawakukurupuka. Brett Cannon na wenzake waliandika hati, nambari 374, wakazichukua kazi zao za kila siku, kama kukagua kiraka cha mgeni, kurudisha badiliko lililoharibu, au kutoa toleo jipya, wakaonyesha amri kwa amri jinsi kila moja ingefanyika katika Bazaar, Git na Mercurial. Walipima kasi. Walimfikiria mtu wa Windows, ambaye Git ya siku zile haikumjali sana. Mwaka 2009 wakachagua Mercurial, na kuhama kwenyewe hakukukamilika hadi 2011. Hiyo ndiyo subira ya seremala anayegonga ubao na kuusikiliza kabla hajautia msumeno.

Mwaka 2017 Python nayo ikahamia Git. Kihariri cha Emacs kilikwisha kuiacha Bazaar mwaka 2014, na Bitbucket, iliyoanza kama nyumba ya Mercurial, iliifungia mlango mwaka 2020. Git siilaumu, ni zana imara na ya haraka. Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayeuliza tena. Mradi unafunguliwa, Git imeshakaa humo kana kwamba iliota pamoja na mashine. Zana iliyoundwa ili tusitegemee mlango mmoja, tumeirundika yote katika nyumba moja mtandaoni, na nyumba hiyo ikizimika kwa saa mbili watu wazima wanakunja mikono, ilhali historia yote iko mapajani mwao. Watu wa hifadhidata ya SQLite wao wamebaki na Fossil, mfumo wao wenyewe, na sababu za kuikataa Git wameziandika hadharani. Unaweza kubishana nao, maana wamekupa cha kubishania.

Jioni ile, nikiwa bado na sauti ya yule mzee masikioni, nilikuta katika msimbo wetu kikomo cha sekunde 30 ambacho hakuna aliyejua kwa nini kipo. Nikaifungua historia. Ilikuwa kamili: tarehe, saa, jina la mwenzetu aliyehama zamani na ambaye simu yake haipatikani tena. Mahali pa maelezo palikuwa na neno moja: "rekebisho".