Wimbo wa Kitunguu

Twataka kusema habari za shairi moja la Kihispania ambalo wengi hulisifu, na kwa maoni yetu hulisifu kwa sababu isiyo yake. Jina lake ni Nanas de la cebolla, yaani nyimbo za kitunguu za kumbembelezea mtoto. Aliyelitunga ni Miguel Hernández, mwana wa mfuga mbuzi wa mji wa Orihuela, aliyezaliwa mwaka 1910. Baba yake alimtoa shuleni angali kijana ili achunge mbuzi, naye akaendelea kujisomea malishoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, alijiunga na jeshi la Jamhuri, akawa askari na mshairi wa askari, akiwasomea wenzake beti zake mahandakini.

Vita vilikwisha mwaka 1939, na upande wake ulishindwa. Akavuka mpaka kuingia Ureno. Polisi wa huko wakamkamata, wakamrudisha. Hata mwezi wa Septemba alikuwa gerezani Madrid, na huko ikamfikia barua ya mkewe, Josefina Manresa, ya kwamba hana chakula ila mkate na vitunguu, naye ananyonyesha mtoto wa miezi minane. Jibu la barua ile ndilo shairi hili.

Hapa msomaji wa kwetu na atulie kidogo. Kwetu kitunguu ni cha kuungia mchuzi. Hakuna aulizwaye amekula nini akajibu kwamba amekula vitunguu. Mshairi naye alijua hivyo, kwa hiyo hakukiita chakula. Alikifananisha na sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi: kitu cheupe, cha mviringo, kilichojifunga chenyewe, kisichompa mtu joto. Mama hula baridi ile, na mtoto huinyonya.

Wengi husema kwamba uzuri wa shairi hili ni huruma: baba yu kifungoni, mtoto ana njaa, basi msomaji hulia. Huruma imo, hatukatai. Lakini kama ingalikuwa hiyo tu, shairi lingalikwisha katika ubeti wa pili, nalo lina beti 12. Baada ya mwanzo ule mshairi hukiacha kitunguu, akageukia kicheko cha mtoto, akakishika hata karibu na mwisho. Amwomba mtoto acheke, kwa kuwa kicheko kile chamfungua yeye, chamwondolea upweke, chabomoa gereza. Tutazame vema ni nani ampaye nani chakula. Mtoto hunyonya kwa mama. Baba naye, kutoka mbali, ananyonya kwa mtoto. Mwenye njaa kubwa katika shairi hili ni baba, naye aliandika bila kujificha kwamba amemtwika mtoto mchanga mzigo wa kumwokoa mtu mzima. Jambo hili latuuma zaidi ya habari ya kitunguu, na wasifu wengi hulipita.

Liko na jambo la meno. Mtoto ameota meno matano madogo, na baba hufurahi, kama kila baba. Mara jicho la askari huamka ndani yake: aona kwamba siku moja meno yale yatakuwa silaha. Ndipo amwombapo mtoto asiamke katika utoto, wala asijue yanayotukia. Wimbo wa kubembeleza kazi yake ni kulaza mtoto; huu wamwomba asiyajue ya nchi yake.

Tuseme neno juu ya mizani. Kila ubeti una mistari saba, yenye mizani saba au mitano, kama zilivyo baadhi ya nyimbo za watu wa kawaida Hispania. Vina vyake ni vya irabu tu. Sisi tuliozoea vina kamili twaweza kuviona pungufu. Tusivione hivyo. Mstari mfupi ufuatapo mrefu hukata pumzi, kama mtu asukumaye kitanda cha mtoto kwa mguu akasita. Atakayelifasiri kwa Kiswahili asilitie katika mizani ya utenzi, iliyo sawasawa mno kwa kazi hii.

Lawama yetu ni moja. Mama, aliyeandika barua ile, ndani ya shairi hana neno. Yumo kama maziwa na kama mwangaza wa mwezi, basi. Na habari zake zilikuwa nzito. Baba yake, askari wa Guardia Civil, aliuawa mwaka 1936 na watu wa upande wa Jamhuri, upande ule ule ambao mumewe aliupigania. Mama yake akafa mwaka 1937, akamwachia wadogo zake. Mtoto wake wa kwanza alikufa Oktoba 1938, akiwa na miezi kumi. Mumewe alifunguliwa Septemba ile ile ya shairi, akarudi Orihuela, akakamatwa tena. Mwaka 1940 akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 30. Ndoa yao ya mwaka 1937 ilikuwa ya kiserikali, na watawala wapya hawakuitambua. Ikawapasa kufunga ndoa ya kanisa katika gereza la Alicante, tarehe 4 Machi 1942, bwana arusi akiwa mahututi. Siku 24 baadaye akafa kwa kifua kikuu, umri wake miaka 31.

Josefina alishona nguo akamlea mtoto, akayatunza maandiko ya mumewe. Mwaka 1980 alitoa kitabu chake mwenyewe cha kumbukumbu. Hakina mizani wala vina, nasi twataka kiwekwe kando ya shairi hili katika rafu moja.